Barua ya Kuhama

Huenda baadhi yenu mkashangaa kuwaona walimu wawili wa Kiswahili wakiandika juu ya mpira wa kikapu katika kurasa ambazo kwa kawaida huwa na mambo ya ngeli, methali na ushairi. Tunaomba mtuvumilie. Sisi tunaoandika makala haya tumefundisha lugha kwa miaka mingi katika shule moja ya sekondari iliyoko mashariki ya Uganda, si mbali na mpaka wa Kenya. Kama ilivyo desturi katika shule zenye walimu wachache, mwalimu hukabidhiwa kazi nyingine juu ya ile aliyosomea. Wenzetu walikabidhiwa maktaba, wengine wakakabidhiwa bustani. Sisi tulikabidhiwa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Mchezo wenyewe hatukuujua. Tulijifunza sheria zake usiku katika kijitabu kilichochakaa, na kesho yake jioni tukawafundisha wasichana kana kwamba tulizaliwa nazo.

Hatukukusudia kusimulia ushindi wetu, ambao kwa hakika ulikuwa mchache. Tunataka kueleza habari ya barua moja tu, ambayo tulitakiwa kuiandika, nasi tukakataa. Kwa muda mrefu tulijiambia kwamba tulikuwa na sababu njema. Leo tunaona ni wajibu wetu kuzipima sababu hizo mbele ya walimu wenzetu, kwa kuwa yumkini wapo wengine ambao wana barua kama hiyo katika majalada yao.

Kwanza tuseme machache juu ya mchezo wenyewe. Mpira wa kikapu ulibuniwa Desemba 1891 na mwalimu James Naismith katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alipigilia vikapu viwili vya matunda katika ukumbi wa mazoezi, akawaambia vijana wake watupie mpira humo. Vikapu vile vilikuwa na vitako, hata kila mpira ulipoingia ilibidi mtu apande kuutoa. Muda haukupita, mwalimu wa kike aitwaye Senda Berenson akawafundisha mchezo huo wasichana wa chuo cha Smith, katika jimbo lile lile. Aliugawa uwanja mafungu matatu ili wachezaji wasikimbie mno, maana siku zile watu wengi waliamini kwamba mwili wa mwanamke hauhimili mbio. Kutokana na mchezo ule Waingereza walitengeneza mpira wa pete, ambao baadaye uliletwa katika shule zetu na kuwa mchezo wa wasichana wa Afrika Mashariki nzima. Kwa hiyo binti wa kwetu anayeuacha mpira wa pete na kushika mpira wa kikapu haendi ugenini. Amerudi kwa mama wa mchezo wake.

Wasichana wetu walirudi kwa mama huyo wakiwa peku. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo mwekundu, na mvua iliponyesha mpira haukudunda bali ulilala. Pete zetu mbili zilitengenezwa na fundi wa kuchomelea vyuma aliyezoea kutengeneza milango. Tulimpa kipimo cha mita 3.05 kutoka chini hadi kwenye pete, naye akakifuata kwa uaminifu, ila alisahau kwamba nguzo huzama ardhini; tukacheza mwaka mzima na pete iliyokuwa fupi kwa shubiri mbili. Wasichana wetu walifunga kwa wingi sana mwaka ule nyumbani, na walikosa kwa wingi sana ugenini.

Mashindano ya shule katika nchi yetu hupanda kama ngazi: shule kwa shule, wilaya kwa wilaya, mkoa kwa mkoa, kisha taifa zima. Timu zilizo bora huenda katika mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, ambayo huzunguka katika nchi zetu. Yalifanyika Arusha mwaka 2019 na tena mwaka 2022, Huye nchini Rwanda mwaka 2023, Mbale kwetu Uganda mwaka 2024, na Kakamega nchini Kenya mwaka 2025. Kila daraja la ngazi hiyo lina fahari yake. Msichana ambaye wiki hii ni mpinzani wenu wa shule ya jirani, wiki ijayo mnamshangilia kama binti yenu, kwa sababu sasa anacheza na watu wa mbali zaidi.

Kwetu sisi, mbali kulianzia Jinja, pale Mto Nili unapotoka ziwani. Shule zenye nguvu katika mchezo huu ni nyingi zaidi katika Kampala na viunga vyake. Huko kuna viwanja vya saruji, makocha waliosomea kazi yao, na ligi ya watu wazima ambayo wasichana huweza kuitazama mwisho wa juma. Sisi tuliondoka alfajiri tukiwa tumebanana ndani ya gari la kukodi, tukavuka Nili, tukafungwa, tukarudi usiku. Hata hivyo katika gari lile hapakuwa na huzuni. Wasichana waliimba jina la Mashariki mpaka sauti zikawakauka, na walipokuwa wakivuka daraja kurudi upande wetu walipiga makofi kana kwamba walikuwa wameshinda.

Hatuwezi kuudharau ushindani wa namna hii. Ulituletea shuleni wazazi ambao hawakuwahi kufika hata siku ya kupokea ripoti za mitihani. Ulitufundishia Kiswahili kuliko tulivyoweza sisi kwa chaki. Wasichana wetu walitoka katika lugha nyingi za mama: Kijopadhola, Kisamia, Kiteso na Kigisu. Tukaamua kwamba uwanjani itasemwa lugha moja. Wakaitana kwa Kiswahili: rudi, kaba, mpe, tupa. Wapinzani wetu wa ng'ambo ya Nili wengi hawakukielewa, nasi tukafaidi lugha yetu kama askari wafaidivyo siri ya jeshi. Msichana ambaye darasani hakuweza kutunga sentensi mbili aliweza kuipanga timu nzima kwa vitenzi vya kuamuru.

Lakini ushindani una uso wa pili. Timu inayofungwa kila mwaka huanza kutafuta sababu, na timu inayoshinda kila mwaka huanza kutafuta wachezaji. Shule ikitaka kubaki juu, haina budi kuwapata wasichana walio hodari kabla wengine hawajawapata. Hapo ndipo zinapozaliwa basari za michezo. Mwalimu wa shule kubwa hutazama mchezo akiwa ameegemea uzio, humuuliza mtoto jina lake, na baada ya wiki mbili wageni hufika kwa wazazi wake wakiwa na ahadi. Jambo hili halihusu nchi yetu peke yake. Wakaao karibu na mpaka wanajua kwamba ahadi za namna hiyo huvuka forodha pia, kwenda na kurudi.

Mchezaji wetu wa kwanza kuchukuliwa hatutamtaja kwa jina. Tutamwita Namba Kumi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa jezi yake. Alikuwa mrefu, mpole, na mikono yake ilidaka kila mpira uliorudi kutoka kwenye ubao. Aliondoka mwaka 2017, akiwa kidato cha pili. Shule iliyomchukua ilimwahidi karo, kitanda, viatu na nauli, na yote yalisemwa kwa mdomo, kando ya gari, baada ya mchezo. Tulimwandikia barua ya kuhama siku ile ile. Tuliona fahari kwamba binti wetu alitakiwa ng'ambo.

Mwaka uliofuata Namba Kumi aliumia goti. Wataalamu wa tiba ya michezo wanakubaliana kwamba wasichana huumia kano za goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana wanaocheza mchezo ule ule, na kwamba jeraha la namna hiyo huhitaji miezi mingi ya matunzo. Hakupata matunzo hayo. Muhula uliofuata karo yake haikulipwa, na nyumbani kwao haikuweza kulipwa. Alirudi kwetu katikati ya muhula, akichechemea, sanduku lake la bati likiwa juu ya baiskeli ya kaka yake. Tulimpokea. Alimaliza kidato cha nne akiwa kwetu, lakini hakushika mpira tena. Tulipouliza juu ya zile ahadi tuliambiwa kwamba hakuna aliyekumbuka nani alisema nini.

Baada ya hapo tulijiapiza kwamba hatutatoa tena barua ya kuhama kwa mchezaji. Tulisema kwamba tunawalinda watoto. Sehemu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Sehemu nyingine ilikuwa kwamba tulikuwa tumechoka kuwalea wachezaji kwa ajili ya timu za watu wengine, na tulitamani siku moja kuvuka Nili tukiwa na kombe. Nia hizo mbili zilikaa ndani yetu zikifanana sana, hata hatukuweza kuzitenganisha.

Ndipo akaja Namba Saba. Aliingia kidato cha kwanza mwaka 2018, kibinti kifupi, chembamba, ambaye tulimweka kwenye timu kwa sababu tu alikataa kuondoka uwanjani. Mwaka 2019 hapakuwa na msichana katika mkoa wetu aliyeweza kumnyang'anya mpira. Katika mchezo mmoja timu yetu ilipata alama 31, na kati ya hizo 19 zilikuwa zake. Zaidi ya hayo, alikuwa akiona. Alijua mwenzake atakuwa wapi kabla mwenzake mwenyewe hajajua. Baba yake alikuwa amefariki, mama yake alikuwa ameolewa mbali, naye aliishi na nyanya yake, aliyemlipia karo kwa mihogo na kuku.

Desemba 2019 wageni walifika kutoka shule moja ya ng'ambo ya Nili. Wageni hawa hawakusema kando ya gari. Walikuja ofisini, wakaketi, wakatoa barua yenye muhuri. Iliahidi karo, malazi na vitabu mpaka mwisho wa kidato cha sita, na ilikuwa na sentensi iliyosema kwamba mwanafunzi akiumia au akiacha kucheza kwa sababu yoyote, basari yake itaendelea mradi afanye bidii katika masomo. Tuliisoma sentensi hiyo. Tunakiri kwamba tuliisoma, na kwamba ilikuwa ndiyo dawa ya yale yaliyompata Namba Kumi. Lakini sisi hatukuwa tukisoma kwa ajili ya Namba Saba. Macho yetu yalikuwa kwenye mashindano ya muhula wa kwanza wa mwaka 2020.

Mwalimu mkuu wetu hakuwa mtu wa michezo. Alituambia, "Ninyi ndio mnaomjua mtoto. Mkiandika kwamba aende, nitatia saini. Msipoandika, sitatia." Basi jambo lote likawa mikononi mwetu.

Mwishoni mwa Januari 2020 nyanya yake Namba Saba alikuja kuifuata barua. Alitembea tangu alfajiri, na mkononi alikuwa na kikapu ambamo kichwa cha kuku kilichungulia. Tulimkuta amesimama uwanjani akiitazama pete.

"Walimu wangu," akatuamkia akipiga magoti, kama wafanyavyo wanawake wa kwetu. "Mjukuu wangu huniambia kwamba anacheza mchezo wa kikapu. Kikapu chenyewe ndicho kile?"

"Ndicho, mama," tukamjibu.

"Mbona hakina kitako? Kikapu kisichokuwa na kitako kinabeba nini?"

Tukacheka, naye akacheka pamoja nasi. Kisha akauliza juu ya barua. Tulimwambia kwamba mambo ya shule yana utaratibu wake. Kwamba ni vizuri mtoto amalize kwanza mashindano ya muhula wa kwanza akiwa na wenzake. Kwamba likizo ya Mei ikifika tutaandika kila kitu. Tulisema kwa upole, kwa lugha ya heshima, kama wajuavyo walimu. Alitushukuru. Kuku tulimrudishia, tukajiona watu waadilifu kwa kuwa hatukupokea rushwa. Akaondoka na kikapu chake, na sisi tukaingia darasani.

Machi 18, 2020 serikali ilitangaza kwamba shule zote zitafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na siku mbili baadaye wanafunzi walikwenda nyumbani. Wote mnayajua yaliyofuata. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba mwaka ule, mengine yakarudi kwa zamu, kisha Juni 2021 shule zikafungwa tena. Hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 10, 2022. Karibu miaka miwili ilikuwa imepita, na katika orodha zetu za majina kulikuwa na mianya, hasa upande wa wasichana. Tuliita jina la Namba Saba siku ya kwanza, siku ya pili, na wiki ya pili. Mmoja wa wenzake akasema kwamba nyanya yake alikuwa amefariki mwaka 2021, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na mtoto.

Hatukumtafuta. Tulisema tutamtafuta, na muhula ukapita. Ni rahisi mtu kuona haya, akaziita haya hizo shughuli nyingi.

Agosti 2024 mashindano ya Afrika Mashariki yalifika Mbale, chini ya safu ya Wanale, karibu kabisa na kwetu. Tuliwapeleka wasichana wa timu yetu kutazama. Walishangaa kusikia kwamba wachezaji wa Kenya na wa Tanzania waliitana uwanjani kwa maneno yale yale tuliyodhani ni siri yetu. Wakati wa mapumziko tulitoka nje ya uzio kutafuta kitu cha kutafuna. Hapo tulimwona msichana aliyefunga mtoto mgongoni, akiuza karanga kutoka kwenye beseni, lakini amewapa wanunuzi kisogo ili autazame mchezo kupitia nyavu za uzio.

Aligeuka kabla hatujamwita. "Shikamooni, walimu."

"Marahaba, binti. Hujambo?"

"Sijambo." Akatuonyesha mtoto, mvulana aliyekuwa amelala. Tukaulizana habari za watu na za mashamba. Halafu akasema, akiwa anatupimia karanga katika kikombe, "Kuna jambo nilitaka siku nyingi kuwauliza. Ile barua yangu ilifika wapi? Nyanya aliniambia mtaiandika mwezi wa Mei. Mimi niliwaambia watu kwamba walimu wangu waliandika, ila korona iliifungia njiani."

Kwa miaka minne alikuwa ametutetea. Mmoja wetu alianza kusema jambo juu ya utaratibu wa ofisi, mwenzake akamgusa mkono. Tukamwambia ukweli: kwamba tungeweza kuiandika siku ile ile nyanya yake alipokuja, na hatukuiandika, kwa sababu tulitaka atuchezee muhula mmoja zaidi.

Hakulia, wala hakutukaripia. Alinyamaza kitambo, akamaliza kupima karanga. Tulimpa noti, tukamwambia abaki na chenji. Akakataa, akatuhesabia chenji yetu sawasawa mkononi. Kisha akageuka tena kwenye uzio. Baada ya muda akasema, bila kututazama, "Yule namba tisa anapoteza mipira kwa kuwa miguu yake haijawa tayari wakati mpira unapofika. Mwambieni mwalimu wake." Tulimtazama yule namba tisa, na ilikuwa hivyo hivyo.

Hatuwezi kudai kwamba barua yetu ingemwokoa. Shule ile ya ng'ambo nayo ilifungwa siku ile ile, na wasichana wengi waliokuwa na basari hawakurudi. Lakini yeye angekuwa na kitanda kilichoandikwa jina lake, na watu waliojifunga kwa muhuri kumlipia karo, ambao labda wangemtafuta shule zilipofunguliwa. Kwetu hakuwa na kitu cha namna hiyo. Nyanya yake alipokufa, karo yake ilikufa pamoja naye. Swali lile la kikapu kisichokuwa na kitako, ambalo tulilicheka, sasa halituchekeshi tena.

Tangu siku ile tumelifikiri sana neno "kuhama". Walimu wa lugha, tuwe popote, hatuachi kunyambua. Mtu huhama, hicho ni kitenzi cha mtu mwenye miguu na nia. Lakini katika fomu zetu za michezo mchezaji huhamishwa. Shule inayompokea ina nafasi ya saini, shule inayomwachilia ina nafasi ya saini, chama cha michezo kina nafasi ya muhuri. Mwenyewe ameandikwa katikati kama shamirisho. Nasi katika mabishano yetu yote juu ya Mashariki na ng'ambo ya Nili tulimtumia hivyo hivyo: wao walimchukua, sisi tulimzuia, wao walimnunua, sisi tulimkomboa. Hakuna sentensi hata moja ambayo yeye alikuwa kiima chake.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba milango iachwe wazi na kila shule yenye fedha ijichukulie. Kanuni za kuzuia uhamisho wa wachezaji zipo kwa sababu. Hata huko Marekani, ulikozaliwa mchezo huu, kila jimbo lina chama chake cha michezo ya shule na kanuni zake, na katika majimbo mengi mchezaji aliyehama ilhali wazazi wake hawakuhama huweza kuzuiwa kucheza kwa muda. Shule ndogo ikinyang'anywa wachezaji wake kila mwaka, hatimaye itaacha kulea. Hapatakuwa na timu wilayani, na bila timu za wilaya hata shule kubwa itakosa mahali pa kuchagua.

Lakini kuhama kwenyewe si dhambi. Sue Bird, mmoja wa wachezaji mashuhuri wa kike katika historia ya mchezo huu, alisoma miaka miwili katika shule ya kwao Syosset, nje kidogo ya jiji la New York, kisha akahamia shule ya Christ the King huko Queens, alikotafuta ushindani mkali zaidi. Kutoka huko alikwenda Chuo Kikuu cha Connecticut, na kati ya mwaka 2004 na 2021 alishinda medali tano za dhahabu za Olimpiki. Wala si lazima kila kipaji kiende mjini. Shule ya Kaya Tiwi iko Kwale, pwani ya Kenya, mbali na Nairobi, lakini wasichana wake waliwahi kutwaa ubingwa wa Kenya zaidi ya mara moja. Aliyehama anaweza kufanikiwa, na aliyebaki anaweza kufanikiwa. Linalotakiwa kuulizwa ni kama mtoto huyo atasoma mpaka mwisho, na nani amejifunga kuhakikisha jambo hilo.

Mwaka 2025 tuliandika fomu mpya ya kuhama kwa ajili ya shule yetu, na mwalimu mkuu ameikubali. Ni ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza. Saini ya kwanza ni ya mwanafunzi mwenyewe, baada ya kuandika kwa mkono wake sababu ya kuhama. Ya pili ni ya mzazi au mlezi. Za wakuu wa shule zinafuata. Mwalimu wa michezo haweki saini. Anaandika maoni tu, na ana siku saba za kuyaandika, akizipitisha barua inakwenda bila yeye. Mwisho kuna sentensi inayosema kwamba mwanafunzi akiumia au akiacha kucheza, shule iliyompokea itaendelea kumsomesha. Sentensi hiyo hatukuitunga sisi. Tuliinakili neno kwa neno kutoka katika ile barua ya Desemba 2019, ambayo ingali katika jalada letu pamoja na karatasi tupu tuliyopaswa kuiandika.

Fomu hiyo imekwisha kutumika mara mbili. Mara ya kwanza shule iliyomtaka msichana wetu ilikataa kuitia saini sentensi ya mwisho, na msichana mwenyewe, alipoona hivyo, akaamua kubaki. Mara ya pili waliitia, naye akaenda. Jioni ile timu yetu ilikuwa dhaifu kuliko ilivyokuwa asubuhi, nasi hatukuficha kwamba iliuma. Bado tunapenda kushinda. Bado tunavuka Nili tukiimba jina la Mashariki, na bado kwa kawaida tunafungwa.

Namba Saba huja shuleni kwetu kila Jumamosi. Tulimwendea nyumbani baada ya Mbale, tukamwomba awafundishe wasichana, na shule humlipa posho ndogo. Hakukubali siku ile. Alikubali baada ya miezi mitatu. Mtoto wake huketi juu ya mkeka chini ya mwembe na kucheza na vizibo vya chupa, na mama yake husimama katikati ya udongo mwekundu akipaza sauti: rudi, kaba, mpe. Amesema anafikiria kurudi darasani, na tumemwambia kwamba mlango uko wazi. Hatukumwambia zaidi ya hapo, kwa kuwa safari hii anayeamua ni yeye. Tulimsomea makala haya kabla ya kuyapeleka kwa mhariri. Aliruhusu yachapishwe kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, na alitusahihisha mahali pamoja tu. Tulikuwa tumeandika kwamba alipata alama 17 katika mchezo ule. Akasema ni 19.

Basi, walimu wenzetu, tunawaomba mfungue majalada yenu. Kama kuna barua ya mtoto inayongoja saini, isomeni tena, mkijiuliza mnaisoma kwa ajili ya nani. Kisha mwiteni mwenyewe mumuulize, na jibu lake mliandike.